Mada ya mwanga ilinifelisha, kioo ndo kikanifundisha

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa kidato cha tatu, yuko Mpwapwa. "Shikamoo kaka, mada ya mwanga nimepata 19 kwa 100, nataka kuacha fizikia."

Aisee hiyo 19 imenirudisha mbali sana. Mi mwenyewe nilishawahi kuchekwa na darasa zima kwa sababu ya mwezi. Mwalimu alisema tutaje vyanzo vya mwanga, nikasimama nikataja jua, kibatari, taa ya umeme, mwezi. Wakacheka wote, na mwalimu akacheka nao, akaniambia kaa chini, basi ikaishia hapo. Hakuna aliyenielewesha kwamba mwezi ni jiwe tu lisilowaka, linapigwa na jua halafu linaturudishia sehemu ndogo ya ule mwanga, kama asilimia 12 hivi. Mwanga unatoka juani unatumia dakika 8 na ushee kufika huko, kisha kutoka mwezini mpaka kwetu ni sekunde moja na kidogo. Sentensi mbili tu! Kile kicheko mpaka leo nakisikia, sitaki kudanganya kwamba nimesahau. Toka siku ile sikunyoosha mkono tena, na fomu foo fizikia nikapata F.

Nikaenda kwa mjomba wangu Dodoma mjini, ni fundi wa vioo na alumini. Serikali ilikuwa imeshaanza kuhamia huku, nyumba zinapanda kila kona, Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, kazi zilikuwa hazikauki. Mwaka wa kwanza niuruke, ulikuwa wa kubeba na kufuta vumbi.

Sasa siku moja akaja mama mmoja anataka kioo cha chumbani ajione mwili mzima, akasema nikatieni cha futi tano na nusu maana mimi ndo urefu wangu. Mjomba akamwambia, "Mama yangu, nusu yake inakutosha." Yule mama akakataa kabisa, akaona anataka kupunjwa. Mjomba akasimamisha kipande cha futi mbili na inchi tisa ukutani, akakipandisha taratibu, akamwambia simama, angalia. Mama akajiona kuanzia kilemba mpaka kandambili. Akarudi nyuma, akasogea mbele, ni vilevile.

Mi nilikuwa nimeshika kile kioo nikabaki nimeduwaa, maana maisha yangu yote niliamini ukirudi nyuma ndo unajiona zaidi. Usiku nikachukua daftari nikachora. Mwale unaotoka kidoleni mguuni ili ufike jichoni lazima ugonge kioo katikati ya kidole na jicho, kwa sababu pembe ya kuingia na pembe ya kutoka ni sawa. Unaotoka utosini nao unagonga katikati ya utosi na jicho. Ukijumlisha hizo mbili inakuja nusu ya mtu, awe karibu au mbali. Mtu wa sentimita 160 anahitaji 80, ila ukingo wa juu uwe katikati ya macho yake na utosi, ukikosea kukitundika utamkata miguu.

Nilichora ule mchoro labda mara ishirini, nikawa nacheka mwenyewe kwa furaha. Baada ya hapo kila kazi ikawa darasa. Tukafunga vioo kwa kinyozi, kimoja mbele kingine nyuma vinatazamana, unajiona umejipanga foleni isiyoisha, na wale wa mbali wanazidi kufifia na kuwa kijani kwa sababu kila safari kioo kinakula mwanga kidogo. Vioo viwili ukiviweka kona ya nyuzi 90 unapata taswira tatu, ukibana mpaka 60 zinakuwa tano. Nikaresiti kama mtahiniwa binafsi nikapata C, na ile C najivunia kuliko kitu chochote nilichonacho.

Kwaiyo wadogo zangu acheni kukariri. Chora mwale. Ukikosea chora tena. Na pembe ipime kutoka kwenye nomali, yaani ule mstari unaotoka kwenye kioo kwa nyuzi 90, usipime kutoka kwenye kioo chenyewe, wengi wanapotezea maksi hapo. Ukiambiwa mwale umefanya nyuzi 30 na kioo, pembe tukio, yaani ile ya kuingia, ni 60. Vioo vya kupinda chukua kijiko, kwa ndani ni mbonyeo, kwa nje ni mbinuko, na hicho cha nje ndo ndugu yake saiti mira ya bodaboda, inakuonyesha eneo kubwa ila lori linaonekana dogo, ukadhani liko mbali kumbe limeshafika. Chora hivyo navyo. Nyie mnataka kuwa mainjinia na madaktari, hamuwezi kuogopa kioo.

Na wewe wa Mpwapwa usiache. Leo jioni chukua kioo chochote cha nyumbani, hata kidogo, na kipande cha sabuni. Kiegemeze kisicheze, funga jicho moja, weka alama kwenye kioo pale unapoona utosi na pale unapoona kidevu. Rudi nyuma hatua mbili uangalie kama alama zimehama. Halafu chukua rula, pima alama, pima na uso wako, uniandikie umepata sentimita ngapi na ngapi.