Shangazi wa Vitabu: Shing'weng'we ana sura gani?

*Shangazi wa Vitabu alifundisha shule ya msingi miaka mingi jijini Mwanza. Siku hizi anaazimisha vitabu vya picha na hadithi kutoka sebuleni kwake, Mabatini.*

Shangazi, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la saba. Binamu yake alikuja likizo kutoka Nairobi akamwachia kitabu cha katuni cha Kiingereza. Shujaa wake ni jitu jekundu lenye mkia, mkono mmoja wa jiwe, na visiki vya pembe kwenye paji la uso. Mwenzangu wa kwaya kakiona mezani, kasema nikichome kabla hakijaleta mambo nyumbani. Kwa sasa nimekificha juu ya kabati. Nifanyeje? – Mama wa Igoma

Marahaba, mama. Kiberiti kirudishe jikoni.

Huyo ni Hellboy, kazi ya Mmarekani Mike Mignola, na amekuwepo tangu mwaka 1993. Mwaka 1944 Manazi wanataka silaha ya kuokolea vita vinavyowashinda, wanafanya uganga wao, anatokea mtoto mwekundu. Bahati yake anaangukia mikononi mwa profesa mmoja anayemlea kama mwanawe. Akikua, kazi yake inakuwa kuwinda mazimwi. Pembe kazikata mwenyewe, hazitaki. Ndivyo visiki ulivyoviona. Kitabu kizima kinahusu mtu aliyezaliwa upande mbaya na kila siku anaamua asiende huko. Mwulize mwenzako wa kwaya kama hilo halihubiriki.

Sisemi kila juzuu inamfaa mtoto wa darasa la saba. Kuna damu, kuna maiti zinazoongea. Kishushe kabatini, kaa naye mkisome pamoja, na ukurasa ukikuchefua ufunge. Mama akikaa pembeni, kitabu kinapoteza nusu ya utundu wake.

Halafu kuna jambo litakalokufurahisha. Mignola haumbi mazimwi yake kutoka hewani, anaokota kwenye hekaya za watu: Warusi, Waairishi, na sisi pia. Mwaka 2006 alitoa hadithi ya Makoma, sehemu kubwa ikachorwa na Richard Corben. Makoma ni shujaa wa Wasena, watu wa bonde la Zambezi. Anatembea na nyundo ya chuma na gunia, na kila jitu analolishinda analitia gunini, likiwemo linaloumba milima na linalochimba mito. Hadithi hiyo Andrew Lang aliichapisha London mwaka 1906 ndani ya kitabu cha hekaya za watoto. Imepita Ulaya, ikafika Marekani, ikarudi kwetu kwenye begi la mtoto wa likizo. Tungechoma cha nani?

Shangazi, mimi ni kijana wa Kirumba, nachora. Nataka kutengeneza kitabu cha katuni cha Masala Kulangwa na Shing'weng'we, ila kila nikimchora huyo zimwi anatoka kama dinosaria wa sinema. Rafiki zangu wanasema ongeza misuli na meno. Nimeongeza, sasa anachekesha. – Mchora Usiku

Nimecheka nawe, mwanangu, si kukucheka. Kwa wasiokuwa nayo, hadithi hiyo ya Wasukuma ni hii: Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi, akaambiwa, akatoka kumtafuta aliyewameza.

Sasa tazama bibi yangu alivyoisimulia, kwa sababu jibu lako limo humo. Zimwi hakulieleza hata kidogo. Mtoto anarudi na panzi: "Mama, ndiye huyu?" Bado, mwanangu. Anarudi na ndege: ndiye huyu? Bado. Anarudi na swala mabegani: ndiye huyu? Bado. Sisi watoto mkekani tulishaanza kusogeleana. Kila "bado" ilimwongeza Shing'weng'we ukubwa, na bibi hajataja jino hata moja.

Huo ndio ukurasa wako wa kwanza, umeshapangwa tayari. Fremu tatu, yaani visanduku vitatu vya picha: mlango uleule, mama yuleyule, mtoto anaongezeka kimo na mzigo unaongezeka uzito. Fremu ya nne mama anatazama mlimani na sisi hatuoni anachokitazama. Ukianza na meno ukurasa wa kwanza, utatutisha na nini ukurasa wa kumi?

Mignola niliyemtaja hapo juu anajua hilo. Viumbe vyake nusu viko kwenye weusi mtupu: unaona ukingo wa bega, jicho, kucha. Kwako weusi huo una faida nyingine ya mfukoni. Kitabu chako utakitoa fotokopi kwenye stationari, si kiwandani, na kivuli cha penseli kikipita kwenye mashine kinatoka kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Wino mweusi unatoka mweusi. Chora kwa wino. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne, kwa hiyo panga kurasa 8, 12 au 16, piga pini katikati, umemaliza.

Kuhusu sura yenyewe, mtafute Shigeru Mizuki wa Japani. Utotoni bibi mmoja jirani alimjaza hadithi za mazimwi ya kwao, yaitwayo yokai. Alipelekwa vitani, akapoteza mkono wa kushoto kisiwa cha New Britain, akarudi akachora kwa mkono uliobaki. Kitabu chake cha Kitaro, mtoto aliyezaliwa makaburini, kilianza mwaka 1960 kama kitabu cha kukodisha, biashara kama hii yangu ya sebuleni. Leo mji aliokulia, Sakaiminato, una mtaa uliopangwa sanamu za shaba za mazimwi yake.

Fungua ukurasa wake wowote wa msituni uangalie kwa karibu. Majani yamechorwa moja moja, gome la mti lina nyufa, matope yamejazwa nukta mpaka unahisi yananata. Katikati ya hayo yote kuna mtoto wa mistari michache tu, kichwa duara, jicho moja limefunikwa na nywele. Kwa sababu mahali ni pa kweli kabisa, unamwamini na yeye.

Wewe una nini Kirumba? Una mawe! Jiwe la Bismarck pale ziwani, na ndege wake mnandi na kinyesi cheupe kinachoteremka. Mlima wa Igogo, nyumba zimepandiana juu ya majabali, jabali moja ukuta wa jikoni, jingine kiwanja cha kuanikia dagaa. Yachore hayo kwa uvumilivu wote ulio nao, ufa kwa ufa. Halafu ukurasa wa nane, jabali moja lipumue. Dinosaria basi.

Na nakuomba usiikate ile ya mwisho. Masala Kulangwa anapopasua tumbo la zimwi na watu wanatoka, kisu kinamkata bibi kizee mmoja sikio, na bibi badala ya kushukuru anawaka. Vijana mnapenda kumalizia kwenye shangwe. Mimi nampenda huyo bibi kuliko shujaa.

Shangazi, nimepata manga, kitabu cha katuni cha Kijapani, lakini hadithi haieleweki, watu wanajibu kabla hawajaulizwa. Ni tafsiri mbovu? – Msomaji, Sengerema

Unaisoma kinyume. Manga huanzia ambapo sisi tungeita mwisho, na kila ukurasa unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, fremu na vijiduara vya maneno vilevile.

Habari za kazi, Shangazi. Mimi ni fundi wa injini za boti, nimeshapita hamsini. Nasoma vitabu vya katuni kwenye meli ya Nansio na vijana wananicheka. Je, umri wangu umepita? Na kuna cha Kiswahili cha mtu mzima? – Fundi

Nzuri, fundi. Mizuki alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93, na alikuwa bado mchoraji. Hujachelewa.

Cha Kiswahili anza na Abunuwasi wa Gado, Mtanzania mwenzetu, kilichotolewa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996. Hekaya zilezile tulizosoma shuleni, ila nyuso za Gado ndizo zinazosema yale ambayo kitabu cha shule kiliyanyamazia, hasa nyuso za matajiri.

Nawe una kazi ya kumfanyia huyo kijana wa Kirumba. Pale mwaloni una wateja Wajaluo. Waombe wakusimulie habari za Nyamgondho, mvuvi aliyevua bibi kizee kwenye wavu, akatajirika, akamtukana usiku mmoja amelewa, na ng'ombe wote wakamfuata bibi kurudi ziwani. Na safari zako zikikufikisha Ukara, waulize wenyeji jiwe la Nyaburebeka, lile linalocheza. Andika chochote watakachosema, hata kwa penseli ya fundi.

Hao vijana wa melini waazime vitabu. Ila andika jina lako ndani kwa kalamu isiyofutika, maana vitabu vya picha haviko na adabu ya kurudi. Kitaro wangu yuko Nyakato tangu mwaka jana, na aliyemchukua anasoma safu hii.