Maswali ya Wasomaji: Kazi ya mchambuzi wa dhoruba za Jua

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya fizikia. Nimesikia kwamba NASA ina wachambuzi wa hali ya hewa ya anga za juu wanaosaidia safari za vyombo na wanaanga. Kazi yao hasa ni ipi, na je, aliyesomea Afrika anaweza kuifikia? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, hali ya hewa hiyo huletwa na Jua. Jua likilipuka, mwanga wa mlipuko hutufikia baada ya dakika nane hivi, protoni zenye kasi kubwa zinaweza kufuata ndani ya nusu saa, ilhali wingu la plazima (gesi yenye chembe za umeme) lenye usumaku huchukua kuanzia saa 15 hivi hadi siku kadhaa. Nyakati hizo ndizo zinazopanga kazi nzima ya mchambuzi.

Katika kituo cha Goddard, jimboni Maryland, mchambuzi aliye zamu hutazama picha za SOHO, chombo kilichorushwa mwaka 1995 na kinachokaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea Jua. Akiona wingu limechomoka, huzilinganisha na picha za STEREO-A, kinacholitazama Jua kwa pembe tofauti, akakadiria kasi, upana na mwelekeo wake, kisha akaviingiza katika programu inayokokotoa litafika lini Duniani, Mirihi au kwenye chombo kilicho safarini. Taarifa yake huwaendea waendeshaji wa vyombo, pamoja na wataalamu wa mionzi wa Houston wanaolinda afya ya wanaanga.

Ugumu wa kazi hii, kwa maoni yangu, hauko katika hesabu. Athari ya wingu kwa Dunia hutegemea sana mwelekeo wa usumaku uliomo ndani yake, na mwelekeo huo kwa kawaida haupimwi mpaka wingu livifikie vyombo vilivyo mbele yetu, ikiwa imebaki saa moja au chini ya hapo. Taarifa haiwezi kungoja hadi wakati huo. Ni lazima iandikwe mapema, kwa lugha inayoeleweka, ikisema wazi kiasi cha shaka kilichomo. Ndiyo maana ninakusihi ujizoeze kuandika kwa bidii ileile unayotumia kujifunza kupanga programu.

Tena dhoruba ndogo haidharauliwi. Mwezi Februari 2022, dhoruba isiyo kali iliongeza msongamano wa hewa ya juu, ambayo hukinza mwendo wa satelaiti, na kati ya satelaiti 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni, takribani 40 zilipotea. Kali kuliko hiyo ilikuwa ile ya Agosti 1972, iliyopiga katikati ya safari za Apollo 16 na Apollo 17, ambapo kwa bahati hapakuwa na mtu mwezini.

Kuhusu ajira, nafasi za utumishi wa serikali ya Marekani ndani ya NASA huhitaji uraia wa nchi hiyo. Hata hivyo, huko Hermanus, Afrika Kusini, shirika la anga la nchi hiyo lina kituo cha utabiri kinachofanya kazi saa 24, na eneo letu la ikweta lina maswali yake, kwa kuwa baada ya machweo tabaka la juu la angahewa liitwalo ayonosfia huvurugika na kuyumbisha mawimbi ya GPS. Shahada ya uzamili katika fani hiyo ni njia nzuri.

Anza sasa: taarifa za NASA kuhusu milipuko ya Jua ziko wazi kwa wote mtandaoni. Chukua zile za dhoruba ya tarehe 10 Mei 2024, kadiria mwenyewe muda wa kufika kwa mawingu yake, kisha ulinganishe na kilichotokea.