Kijana wangu akiguswa usoni anawaka, nimtume kwenye begi?

SWALI: Habari za kazi sensei. Mi ni msaidizi wa mwalimu kwenye klabu ya karate, nafundisha watoto wa miaka 9 mpaka 14. Nina kijana mmoja wa miaka 12, ana kipaji kweli na kata zake (zile hatua na mapigo ya kupangwa anayofanya peke yake) ni safi, ila kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzie, akiguswa usoni tu basi, anasahau mbinu zote anaanza kurusha ngumi ovyo huku machozi yanamlenga. Juzi nimeshasema "yame", yaani acheni, yeye akaongeza teke la tumbo, mwenzie akakaa chini. Huwa namtuma kwenye begi la kupigia ngumi apige mpaka hasira zimuishe, nikiona bado nampa push-apu. Naona ndo zinazidi. Nakosea wapi? Na mwezi ujao kuna mtihani wa mkanda, nimwache afanye au nimzuie?

JIBU: Salama kabisa mwalimu, na umefanya vizuri kuuliza sasa hivi kabla mtoto hajaumia.

Nianze na begi. Acha kumtuma kuanzia leo. Najua wengi tumefundishwa hivyo, hata mi nilifanya hivyo miaka mingi, tunaamini hasira ni kama maji yaliyojaa kwenye ndoo ukiyamwaga yanaisha, lakini haiko hivyo. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani alichukua wanafunzi wa chuo 600, wakakasirishwa makusudi, alafu wengine wakapiga begi huku wanamuwaza yule aliyewakasirisha, wengine wakapiga huku wanawaza mazoezi tu, na wengine wakakaa kimya bila kufanya kitu. Waliopiga huku wanamuwaza mtu ndo walitoka na hasira nyingi zaidi, na waliokaa kimya ndo walikuwa na ukali kidogo kuliko wote. Na 2024 yeye na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000 wakaona vitu vinavyotuliza mwili vinapunguza hasira, ila vinavyopandisha mapigo ya moyo kwa ujumla havipunguzi, kukimbia ndo kabisa kulielekea kuziongeza. Sasa fikiria kijana wako, moyo unadunda, uso wa mwenzie bado uko kichwani, unampa begi apige. Anafanya mazoezi ya kupiga akiwa na hasira, na kwa kuwa ana kipaji anayashika haraka. Push-apu ziko hapo hapo, zinapandisha mwili uleule unaotaka ushuke, alafu zinamfundisha mazoezi ni adhabu.

Kitu cha pili, akishawaka usimwambie "tulia" ukategemea asikie. Akiguswa usoni ubongo unapokea kama hatari, adrenalini inamwagika, misuli inakaza, macho yanamwona mpinzani peke yake na sauti yako inakuwa mbali sana. Sehemu ya ubongo ya kumzuia iko mbele, nyuma ya paji la uso, na hiyo inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20. Kwa hiyo muda mwingine unaona ukaidi kumbe mtoto hayupo. Kazi yote ifanyike kabla, akiwa ametulia, kama unavyomfundisha kukinga ngumi, maana hakuna anayejifunza kukinga siku ya mashindano.

Mi ningeanza hivi. Siku ambayo hajakosea, kaa naye pembeni umuulize, kabla hujawaka unasikia nini mwilini? Watoto wanajua sana hili ukiwapa nafasi, mmoja atakwambia masikio yanapata moto, mwingine meno yanabana, mwingine koo. Akishakitaja hicho, mpe kitu kimoja tu cha kufanya na kiwe cha mwili sio cha maneno: nikiguswa usoni, napiga hatua moja nyuma, mikono juu, natoa pumzi taratibu. Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu unapotoa pumzi ndo mapigo ya moyo yanapungua, na mtoto wa karate hiyo pumzi anayo tayari kwenye kata, hajawahi kuonyeshwa tu kwamba inatumika na hapa.

Alafu hicho kitendo kifanyiwe drili kama mbinu nyingine yoyote, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mchukue na mwenzake mtulivu, sio yule aliyempiga, wakubaliane kabisa kwamba ataguswa kwenye paji la uso na glovu, taratibu, kama unavyogusa mlango usitoe sauti, na yeye jibu lake ni hatua nyuma, mikono, pumzi. Harudishi ngumi. Mara kumi tu, basi. Siku nyingine mwenzie aguse bila kumwambia lini. Baadaye aguse huku wote wanatembea, baadaye kwenye sparingi ya polepole ambayo pointi hazihesabiwi, na ndipo kasi iongezwe kidogo kidogo. Akipita mazoezi matatu mfululizo bila kuwaka mpandishe hatua, akiwaka mrudishe hatua moja bila kumsema. Kosa ninaloliona kwa makocha wengi ni kumtoa mtoto kwenye maneno ya "jizuie" wanamrusha moja kwa moja kwenye sparingi ya kasi kamili, hapo katikati hakuna kitu, alafu wanashangaa.

"Yame" nayo ifanyie mazoezi na darasa zima ili asijione yeye ndo mgonjwa. Katikati ya drili yoyote unaita ghafla, kila mtu anaganda palepale hata kama mguu uko hewani, na unamsifia aliyeganda wa kwanza kwa sauti ileile unayomsifia aliyepiga teke zuri. Na hapa naomba ujiangalie mwalimu, yule kijana akipiga kwa nguvu huwa unasemaje? Kama kila ngumi nzito inapata "safiii!" na kila aliyejizuia anapata kimya, watoto wanasoma hiyo kuliko hotuba zako.

Kwa lile teke la juzi, tofautisha. Kukasirika sio kosa, kupiga baada ya "yame" ni kosa la usalama na lina matokeo yake, ila yawe ya utulivu: sparingi yake imeisha kwa siku hiyo, anakaa karibu na wewe mpaka pumzi ishuke, alafu anaenda kwa mwenzie, anafanya rei (anainama kwa heshima), anaomba msamaha na anamuuliza unaumwa wapi. Usimseme mbele ya darasa. Mtoto wa miaka 12 ukimwaibisha mbele ya wenzie, ile aibu inageuka hasira kabla hajafika nyumbani.

Ukitaka mfano atakaoukumbuka msimulie fainali ya karate ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1, akapiga teke la juu, Sajad Ganjzadeh wa Iran akazimia. Aliyezimia ndo akapewa dhahabu kwa sababu teke lilizidi nguvu inayoruhusiwa. Sisemi Hamedi alikuwa na hasira, na uamuzi aliupokea kiungwana, lakini inamwonyesha mtoto kwamba kudhibiti nguvu ni sehemu ya mchezo wenyewe. Mfano wa hasira ni wa Olimpiki ya Beijing 2008 kwenye taekwondo, Ángel Matos wa Cuba alipohesabiwa ameshindwa kwa kupitisha muda wa matibabu akampiga refa teke la uso, akafungiwa maisha, na kocha wake akafungiwa naye.

Nataka uone pia kwamba namna unavyofundisha inabadilisha mtoto kweli. Mwaka 1986 Michael Trulson alichapisha utafiti wa vijana 34 wenye matatizo ya tabia, miezi sita, kundi moja likafundishwa taekwondo ya asili yenye heshima, kutafakari na falsafa yake, lingine mbinu za kupigana peke yake. La kwanza ukali ulipungua, la pili ukaongezeka. Watu ni wachache hao, lakini kwangu inatosha kunifanya nisiziruke zile dakika za rei na kukaa kimya hata muda ukiwa umebana.

Mkanda usiutumie kumtishia. Weka kujidhibiti kama kipengele cha mtihani kwa wote, kwa mfano raundi mbili za sparingi nyepesi ambazo kila mtoto ataguswa na anatakiwa aonyeshe jibu tulivu, na mwambie leo ili ajue anajiandaa na nini. Kwa mwezi mmoja naona hatakuwa tayari, na kama hayuko tayari asubiri mtihani unaofuata, mpe sababu hiyohiyo moja kwa maneno ya kawaida na mzazi naye aisikie kutoka kwako.

Jambo la mwisho, na limenikaa tangu nisome swali lako. Umesema akiguswa usoni tu. Tumboni vipi, mguuni vipi? Kama ni uso peke yake, inawezekana ni mtoto asiyependa kuguswa usoni, wako wengi, lakini inawezekana pia kuna mahali anapigwa makofi. Usimuulize mbele za watu wala usimwingize chumba cha peke yenu, kaeni pembeni ya dojo (ukumbi wa mazoezi) mnapoonekana, muulize taratibu kuna mtu huwa anakupiga usoni? alafu nyamaza umpe muda. Akikwambia ndiyo, usimwahidi kwamba utaificha, na usianze kwa kwenda kumuuliza huyo aliyetajwa. Mpeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu mkuu wa klabu na mhusika wa ulinzi wa watoto, na hayo mambo ya sparingi yasubiri kwanza.