Dola 500 za Ijumaa usizilipe, barua moja haitoshi

Usilipe. Nimelisoma swali lako saa sita za usiku na usingizi ukaniruka. Unasema umepata barua ya kukubaliwa na chuo cha Kikristo Marekani, unataka kusomea tamthilia za muziki, yaani michezo ya jukwaani ya kuigiza, kuimba na kudansi, wakala amekwambia uweke dola 500 kabla ya Ijumaa nafasi isije ikapotea. Tena unauliza habari za ibada kwa kuwa wewe ni Muislamu, nguo za baridi, chakula, kazi ya kufanya ukiwa masomoni, na kama sauti iliyozoea taarab itakubalika. Kabla sijafika huko nijibu wewe kwanza: kwenye hiyo barua pameandikwa kwamba umekubaliwa kusomea tamthilia za muziki? Ifungue sasa hivi. Barua ya chuo, si karatasi ya wakala.

Kama hayo maneno hayamo, basi umekubaliwa kuingia chuoni tu. Kusomea unachokitaka ni jambo jengine kabisa, na mimi tofauti yake imenigharimu kiwanja cha baba yangu cha Fuoni.

Vyuo vingi vya kule vyenye fani hii vina milango miwili. Wa kwanza ni ofisi ya udahili: vyeti vya skuli, mtihani wa Kiingereza, insha. Wa pili ni idara yenyewe ya thieta au ya muziki, na huo unafunguliwa kwa usaili. Unatuma video ya mchujo, wakiipenda wanakuita uwaimbie ana kwa ana au kwa mtandao: vipande viwili vifupi vya nyimbo, kipande cha kuigiza peke yako, na dansi. Wanaoanza masomo Agosti, usaili wao mara nyingi unakuwa umeshakwisha mwezi wa pili. Belmont ya Nashville, kwa mfano, ni chuo cha Kikristo chenye shahada ya tamthilia za muziki, na huko lazima ufanyiwe usaili. Sikusoma hapo, nakitaja ukakiangalie mwenyewe. Kwa hiyo ofisi ya udahili inaweza kukuandikia "karibu sana", na walimu wa idara hawajapata hata kulisikia jina lako.

Mimi nilikuwa nimeshasoma kidogo habari za usaili, nikamuuliza wakala wangu. Alikuwa na ofisi ghorofani, Darajani, na bendera ndogo ya Marekani juu ya meza. Alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika, akaniambia bila kuinua macho: "Hayo ni ya Wamarekani wenyewe. Wewe mgeni, fani utachagua ukifika." Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimelelewa kwenye kwaya ya Mkunazini, kila mtu ananiambia nina sauti, na huyu mtu mzima ananiambia mlango uko wazi. Anayetaka kuja hapa chini kuniambia ningesoma zaidi, asijisumbue, mama yangu ameshalisema hilo kwa lafudhi zote za Unguja na Pemba.

Chuo kikaleta fomu ya I-20, ile ambayo bila yake huombi viza ya mwanafunzi. Mdogo wangu, ile fomu ina mstari unaotaja fani. Yangu ilikuwa imeandikwa masomo ya jumla. Nimeivukisha boti hadi Dar, nimeikumbatia kwenye foleni ya ubalozi Msasani, sikuusoma ule mstari. Afisa akaniuliza unakwenda kusomea nini, nikamjibu kwa furaha, tamthilia za muziki. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilidhani anashangaa msichana wa Zanzibar kupenda jukwaa. Kumbe alikuwa anasoma kitu ambacho mimi mwenyewe sikukisoma.

Wiki ya kwanza chuoni nikenda jengo la muziki. Mlangoni pamebandikwa orodha ya wanafunzi wapya wa fani, kila jina na mwalimu wake wa sauti na saa yake. Majina yalikuwa kumi na nne. Nikayasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, nikidhani labda wameniandika kwa jina la babu. Mwalimu mmoja akatoka akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamweleza. Akasema usaili ulikuwa Februari, unaofuata ni Februari ijayo, na mpaka hapo hawezi kunipa somo la sauti la mtu mmoja mmoja wala kuniingiza darasa la dansi la fani, hayo ni ya waliokubaliwa na idara. Na ule msaada wa ada wa vipaji ambao wakala alinipigia hesabu yake kwenye karatasi? Ulikuwa unatolewa kwa usaili uleule.

Kwa hiyo mwaka mzima nimesoma hisabati, historia na Agano Jipya kwa ada kamili. Vyuo vingi binafsi kule, ada peke yake inapita dola 30,000 kwa mwaka, bila ya bweni na chakula. Februari nikafanya usaili, nikakubaliwa. Lakini masomo ya fani yamepangwa kama ngazi, sauti ya kwanza kabla ya pili, dansi ya kwanza kabla ya pili, na ngazi ni ya miaka minne. Mwaka wangu wa pili ukawa wa kwanza. Fedha za kiwanja zilikuwa zimepigiwa hesabu ya miaka minne na ule msaada ndani yake. Zikaisha nikiwa mwaka wa tatu, nikarudi nyumbani bila shahada. Pale Fuoni sasa pana nyumba ya mtu yenye geti la buluu, na daladala inapita mbele yake.

Nilimfuata yule wakala. Unajua alinijibu nini? "Lakini Marekani si ulifika?" Mpaka leo tunapishana njiani ananiamkia. Hawa watu wanalipwa kwa vichwa vinavyopanda ndege. Ukishapanda, kazi yake imekwisha, na hiyo haraka ya Ijumaa ni ya kwake yeye. Iandikie ofisi ya udahili uwaulize wenyewe siku ya mwisho ya kushikilia nafasi ni lini, na kama fedha hizo hurudishwa.

Barua mbili. Moja ya udahili, moja ya idara inayosema umepita usaili wa fani hiyo na utaanza mwaka huo. Iseme pia ni shahada gani, maana BFA, shahada ya sanaa za ubunifu, karibu theluthi mbili ya masomo ni ya fani, na BA, shahada ya kawaida, sehemu kubwa ni masomo mengine. Huna zote mbili mkononi, hutoi hata senti. Si hizo 500 tu, hata dola 350 za SEVIS, daftari la serikali yao la wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza usiziguse kwanza. I-20 ikija, usome ule mstari wa fani kabla hujasoma chochote.

Ibada. Vyuo havifanani. Vyengine vinataka kila mwanafunzi atie saini tamko la imani ya Kikristo, na hapo usitie saini kitu usichokiamini, achana nacho utafute chengine. Vyengine vinapokea watu wa dini zote ila kuhudhuria ibada ni lazima na kunahesabiwa. Halafu kuna mkataba wa mwenendo, pombe, bweni, nani aingie kwa nani na saa ngapi. Usome wote. Wheaton kule Illinois wanafunzi walikatazwa dansi za starehe kwa miongo mingi, ruhusa ikaja 2003. Na jambo ambalo hakuna atakayekwambia: iulize idara, ukipangiwa mhusika wa kubusiana jukwaani, unaweza kukataa bila kupoteza alama? Mimi sikuuliza, nikalia usiku mzima.

Sauti ya taarab usiitupe. Kwenye usaili wangu mwalimu alinisimamisha katikati, akaniambia niyaseme maneno ya wimbo bila kuimba, kama namwambia mtu aliyenikosea. Nikayasema. Akaniambia sasa imba hivyo hivyo. Sisi tumezoea kuizungusha silabi mpaka watu watunze. Kule mhusika anazungumza, na neno likimezwa, hadithi imekatika. Nenda DCMA, chuo cha muziki cha hapo Mji Mkongwe, wapo tangu 2002, utafute mtu wa kukupigia piano, urekodi kwenye chumba kimya bila ule mwangwi wa spika za harusi. Ukiona mambo ya Marekani hayakai sawa mwaka huu, Makumira kule Usa River ni chuo cha Walutheri chenye shahada ya muziki, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha serikali cha sanaa za jukwaani. Si kitu kilekile, lakini mwaka haupotei.

Sasa andika barua pepe usiku huu, kwa idara, si kwa wakala. Anuani iko kwenye ukurasa wa idara yenyewe. Waulize: mimi jina langu hili, nina barua ya udahili ya tarehe hii, je, nimo kwenye fani ya tamthilia za muziki, na kama simo, usaili ni lini na naweza kuufanya kwa video nikiwa Zanzibar? Jibu likija lilete hapa tulisome pamoja, neno kwa neno. Ijumaa akikupigia, usipokee.