Kuamka usiku kuswali: lazima ulale kwanza?

Dada yangu wa Birere, mtaa wa hapa Goma, umeuliza kama sala ya usiku haifai mpaka mtu alale kwanza, na ufanyeje ikiwa witri, ile sala ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili inayofunga sala za usiku, umeshaiswali. Kuanzia ukishaswali Isha mpaka Alfajiri iingie, wakati wote huo ni wa kisimamo cha usiku, yaani hiyo sala ya usiku, umelala au hujalala. Tahajudi ndiyo wanazuoni wengi wanaiita ile ya baada ya usingizi.

Swali mbili mbili, unatoa salamu kila rakaa 2. Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akizidisha 11, na witri imo ndani. Lakini wewe anza na 2, tafadhali. Mbili za kila usiku nazipenda kuliko kumi za Ramadhani tu.

Witri ukishaiswali hairudiwi, hakuna witri mbili usiku mmoja. Ukiamka, swali mbili zako basi.

Theluthi ya mwisho ya usiku ndiyo bora. Hapa Goma Magharibi ni kama saa 12 na dakika chache, Alfajiri karibu saa 11, kwa hiyo inaanza saa 7 na kitu usiku. Wala usitoke kwenda msikitini saa hizo, sunna inaswaliwa nyumbani na huko ndiko bora zaidi. Mimi kidumu cha maji nakijaza jioni, nakiweka karibu na mlango na kopo juu yake. Maji ya baridi usoni, usingizi unaisha hapo hapo.