Swali la lugha: "Mara tano ya" au "mara tano zaidi ya"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Katika ikisiri ninayoiandika kwa Kiswahili nimesema: "Kioo cha oksidi ya zinki kikipigwa na pigo kali la leza, hutoa mwanga wenye masafa mara tano zaidi ya ule wa leza." Mwenzangu amelifuta neno "zaidi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, na hapa tofauti inaonekana kwa macho.

Tuanze na jambo lenyewe. Uwanja wa umeme wa leza kali huzisukuma elektroni za yabisi mbele na nyuma kwa nguvu kubwa kiasi kwamba haziitiki tena kwa mdundo uleule wa leza. Mwanga unaotoka huwa na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyo vigawe vya masafa ya leza: mara tatu, mara tano, mara saba na kuendelea. Kila moja huitwa harmoniki. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani, Shambhu Ghimire na David Reis wakiwamo, walitangaza kwamba wamepata harmoniki za juu namna hiyo katika oksidi ya zinki, kwa leza yenye urefu wa wimbi wa mikrometa 3.25. Kabla ya hapo, harmoniki za juu za aina hii zilikuwa zikipatikana hasa kwa gesi.

Sasa piga hesabu. Mikrometa 3.25 ni infraredi, jicho haliioni. Masafa yakiwa mara tano ya yale ya leza, urefu wa wimbi unashuka hadi humusi moja, yaani mikrometa 0.65: mwanga mwekundu. Lakini "mara tano zaidi", kwa msomaji anayefuata neno kwa neno, ni yale ya awali kisha mengine tano juu yake, jumla sita. Gawa 3.25 kwa sita, unapata kama 0.54. Hiyo ni kijani! Sokoni mtu akilalamika kwamba nyanya zimepanda "mara tano zaidi", hakuna atakayebishana naye, kwa kuwa kila mtu anajua bei ya jana. Msomaji wa ikisiri yako hana bei ya jana.

Usiihamishe "ya" pia. "Mara ya tano" huhesabu matukio: leza imewashwa mara ya tano leo. "Mara tano ya" huhesabu ukubwa. Kwenye harmoniki tunarudi kwenye mpangilio, hivyo ni "harmoniki ya tano", wala si "harmoniki tano", ambazo ni harmoniki tofauti zilizofika tano. Na kwa kupungua, "mfupi mara tano" naikwepa kabisa. "Moja ya tano" au "humusi" haina utata.

Kuna kosa jingine ambalo mwenzako hakuligusa. "Masafa mara tano ya ule" inalinganisha masafa na mwanga. Masafa hulinganishwa na masafa, nayo yako katika ngeli ya YA-YA, hivyo sema "ya yale ya leza".

"Kioo" kiondoe. Atomi za kioo hazikupangika kwa safu zinazojirudia. Za oksidi ya zinki uliyoitaja zimepangika, nayo ni fuwele. Kuhusu "pigo", wingi wake "mapigo" tumeuzoea kwa moyo, ila umoja wake unanukia msiba. Mimi ningeandika "mpigo", wingi "mipigo".

Sentensi yako basi iwe: "Fuwele ya oksidi ya zinki ikipigwa na mpigo mkali wa leza, hutoa mwanga wenye masafa yaliyo mara tano ya yale ya leza."

Ukifika sehemu ya matokeo, usihangaike kuunda maneno ya namba. Harmoniki za tatu, tano na saba ni witiri. Za pili, nne na sita ni shufwa. Maneno haya yamo katika hesabu za shule ya msingi, na utayahitaji, maana gesi kwa kawaida hutoa witiri tu, ilhali oksidi ya zinki, ambayo muundo wake hauna kitovu cha ulinganifu (ukipinduliwa kupitia katikati haubaki uleule), inaweza kutoa na shufwa kutegemea fuwele imegeuzwaje mbele ya leza.