Maswali ya Wasomaji: Jinzi kwa Mtu Mzima

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkaazi wa Fuoni. Miaka yote nimevaa suruali za kitambaa kazini na kanzu siku ya Ijumaa. Mwanangu anayesoma Dar es Salaam ameniletea suruali mbili za jinzi, na nilipovaa moja kwenda nayo Darajani, shemeji yangu aliniuliza mbele ya watu barazani iwapo nimerudi ujanani. Suruali zenyewe nimezipenda, kwa kuwa ni imara na mifuko yake inabeba, lakini sitaki nionekane mtu asiyejua umri wake. Je, jinzi inamfaa mtu mzima, na kama inamfaa, aivae vipi?

JIBU: Waalaykumu s-salaam, ndugu yangu wa Fuoni. Jinzi inakufaa, na tena inakufaa kuliko inavyomfaa mwanao, kwa sababu asili yake ni nguo ya watu wazima wenye kazi nzito. Aliyeibuni katika sura tunayoijua alikuwa fundi cherahani, Jacob Davis, mzaliwa wa Riga aliyekuwa na duka lake la ushonaji katika mji wa Reno, Nevada, nchini Marekani. Mama mmoja alimwendea akitaka suruali ya mumewe mkata kuni, ambaye kila aliyoivaa ilimchanikia mifukoni. Davis akaikaza pembe za mifuko kwa ribiti za shaba, zile alizokuwa akizitumia kwenye matandiko ya farasi, na wateja wakaanza kumiminika. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kusajili ubunifu wake, alimwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wawili hao wakapewa hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo. Tazama pembe za mifuko ya suruali uliyoletewa na utaziona ribiti hizo hadi leo.

Sifa ya ujana ilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1950, pale filamu za Marekani zilipoifanya jinzi kuwa alama ya vijana wakaidi. Hapa kwetu mambo yakazidi kuwa mazito, kwani mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, na suruali za kubana zikatajwa pamoja na sketi fupi na mawigi miongoni mwa mavazi yaliyopigwa marufuku. Watu wa rika lako na la shemeji yako mmelelewa na wazazi waliopita katika enzi hiyo, na si ajabu kwamba jicho lake bado linaiona suruali ya aina hii kuwa nguo ya mtu anayetafuta kutazamwa. Juu ya hayo, utani wa mashemeji ni haki yake, nawe una haki ya kumrudishia.

Sasa namna ya kuivaa. Ningependa uanze na rangi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa umri wetu wanapokosea. Chagua buluu nzito ya nili, iliyo sawa kutoka kiunoni hadi kwenye upindo, isiyopaushwa mapajani kiwandani na isiyochanwa magoti. Jinzi hupauka yenyewe kwa kuvaliwa, kwa sababu nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hutiwa nili ilhali zile za mshindio, zinazopita kwa upana, huachwa nyeupe, na nili yenyewe hubaki juujuu ya uzi bila kufika kwenye kiini chake. Kila mahali panaposuguka, weupe wa ndani hujitokeza kidogo kidogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili mikunjo ya nyuma ya magoti na alama ya mfuko unaowekea simu itakuwa ni yako, haipo kwa mtu mwingine. Kununua nguo iliyochakazwa kiwandani ni kununua alama za maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuwapo, na kwa mtu mzima naona haipendezi.

La pili ni kiuno na mapaja, na hapa kipimo chetu ni sala. Suruali ambayo ukirukuu inakubana na ukisujudu inateremka na kukuacha mgongo wazi haikufai, hata ikiwa imetoka kiwanda chenye sifa duniani. Kabla ya kuinunua, chutama nayo dukani, kisha inuka. Kiuno kibaki palepale, juu ya nyonga, na paja lipate nafasi ya kuweza kukibana kitambaa kwa vidole viwili. Mguu ushuke wima bila kubana kwenye shavu la mguu na bila kupepea. Upindo uwekwe kwenye kifundo cha mguu au juu yake kidogo, kwa sababu ukiuacha mrefu utaukunja kila unapoingia msikitini, na mkunjo huo huo, ukirudiwa kila siku, ndio unaokatika kwanza.

La tatu ni uzito, jambo ambalo vijana wanaoiga mitindo ya nchi za baridi hawalitazami. Huko husifiwa jinzi ya aunsi 14 kwa yadi ya mraba, ambayo ni takriban gramu 475 kwa mita ya mraba, na mtu akitembea nayo kutoka Malindi hadi Mnazi Mmoja wakati wa kaskazi, joto litamfundisha. Kwetu tafuta ya aunsi 8 hadi 10. Ikiwa zile ulizoletewa ni nzito, ziweke kwa ajili ya kipupwe, mwezi wa Juni hadi Agosti, ambapo jioni zina ubaridi wa kutosha.

Ivae na shati la pamba au kitani la rangi moja, na miguuni makubadhi ya ngozi. Ushauri huo wa makubadhi nautilia mkazo, kwa sababu viatu vya michezo vyenye soli nene nyeupe ndivyo vinavyompa shemeji yako la kusema. Kofia ya kiua ya mkono, ambayo kila kitundu chake kimezungushiwa uzi kwa sindano, mimi naona inapendeza hata juu ya jinzi iwapo shati ni jeupe na lina mikono mirefu, ingawa najua wapo wazee watakaonipinga.

Maziko, nikaha, khitma na sala ya Idi vina vazi lake, nalo ni kanzu. Usibishane na hilo. Kwa kuwa maziko hayatoi taarifa, weka kanzu moja iliyopigwa pasi kazini au kwenye gari.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Ninaheshimu safu yako, lakini nimesoma majibu yako ya nyuma na nimeona unawaruhusu mno watu wazima kuvaa nguo za Kimarekani. Sisi tuna kanzu, tuna msuli, tuna makubadhi. Je, huoni kwamba mtu mzima akivaa jinzi anawafundisha watoto kuudharau urithi wao?

JIBU: Mwalimu wangu, hofu yako naielewa na sehemu yake ni yangu pia. Hata hivyo, nakuomba utazame historia ya nguo za visiwa hivi kabla ya kuigawa kuwa yetu na yao. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaanza kazi hapa Unguja. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, na zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ile merikani ambayo ilivaliwa na watu wa pwani na kupelekwa bara na misafara hadi kwenye maziwa makuu. Ilikuwa imara na haikupoteza nguvu baada ya kufuliwa, na kwa sababu hiyo wateja waliikataa ya kuigiza. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilivyoivunja biashara hiyo na kuwaachia nafasi wafumaji wa Uingereza na India.

Kutoka India tulikuwa tukipata pia kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili hadi ikawa buluu ya kukaribia weusi, na bibi zetu waliivaa shambani na katika kazi za nyumbani kwa kuwa ilificha uchafu na ilistahamili. Kwa maneno mengine, pamba ya Marekani na rangi ya nili, vitu viwili vinavyofanya jinzi iwe jinzi, vilikuwa vimeshavaliwa Unguja na Pemba na watu wa kazi kabla Davis hajagonga ribiti yake ya kwanza. Kanga yenyewe, ambayo hakuna atakayethubutu kuiita ngeni, kwa miaka mingi imechapishwa nje na kuletwa kwetu kwa meli.

Kinachonitia uchungu mimi, Mwalimu, ni mafundi. Kitambaa cha kigeni tumekizoea kwa karne nyingi, lakini tulikuwa na mikono iliyokimalizia hapa: mwenye kudarizi shingo ya kanzu, mwenye kushona kofia ya kiua kwa wiki nyingi, mshonaji wa makubadhi anayekata ngozi kwa kipimo cha unyayo wako. Mikono hiyo inapungua kwa sababu watu wazima wenye kipato tunanunua kofia ya mashine na kandambili za plastiki, na hali hiyo ipo kwa anayevaa kanzu sawasawa na anayevaa jinzi. Mtoto wa skuli akimwona mwalimu wake jioni amevaa jinzi safi, makubadhi yaliyoshonwa Pemba na kofia ya mkono, huku akimwambia jina la aliyeishona, amejifunza zaidi kuhusu urithi kuliko akimwona katika kanzu ya polista iliyoshonwa kiwandani nchi za mbali. Wewe mwenyewe ukibaki na msuli nyumbani na kanzu nje, nitakuheshimu kwa hilo; ninachoomba ni kwamba kofia yako iwe ya mkono.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 43, naishi Chake Chake. Nina mambo mawili. Kwanza, nilifua jinzi mpya ya mume wangu pamoja na kanzu yake nyeupe, na kanzu ikatoka na madoa ya buluu. Nimeambiwa niiloweke jinzi katika chumvi na siki ili isitoe rangi tena. Je, ni kweli? Pili, natamani koti la jinzi la mitumba la kuvaa juu ya gauni refu ninapokwenda ofisini, lakini mavyaa wangu anasema ni nguo ya kiume.

JIBU: Pole sana, dada yangu. Chumvi na siki hazitakusaidia, kwa kuwa haziifungi nili kwenye uzi. Linalosaidia ni kuitoa ile rangi ya ziada iliyokaa juu: igeuze suruali ndani nje, iloweke peke yake katika maji baridi, isuuze na urudie mpaka maji yawe na rangi hafifu, kisha ianike kivulini. Baada ya hapo ifue na nguo za giza tu, na mwambie mumeo asikae na jinzi mpya juu ya kochi la rangi nyeupe. Wakati wa masika usiikunje kabatini ikiwa na unyevu hata kidogo, kwa sababu mshono wa kiuno hukauka mwisho na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Kuifukiza udi ni vizuri, mradi iwe imekauka kabisa na chetezo kiwe mbali na upindo. Kitambaa kizito kama hiki hushika harufu siku nyingi kuliko kanzu.

Kanzu iliyoingia rangi usiipige pasi, kwa kuwa doa litazidi kushika. Iloweke tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Jiki kidogo katika maji mengi huondoa nili kwenye pamba tupu, lakini darizi ya hariri itaharibika, na polista inaweza kugeuka manjano. Basi kwanza jaribu kwenye kona ya ndani ya upindo.

Kuhusu koti, mavyaa wako ana haki ya kuheshimiwa na pia kuulizwa ni koti gani alilonalo akilini. Akiwa analifikiria lile kubwa la kufunika nyonga, namuunga mkono. Lile fupi linaloishia kiunoni, la buluu nzito, lenye mabega yanayokaa penye mabega yako, juu ya gauni pana la rangi moja na mtandio mwepesi, ni vazi la stara na la ofisini. Angalia kwamba vifungo vyake vya chuma havina ncha kali, kwani huchana mitandio ya shifoni.

Unapochagua kwenye mitumba, linyanyue koti uelekee kwenye mwanga na utazame makwapani na viwikoni: mahali unapopenya mwanga ndipo litakapochanika. Ligeuze uone mishono ya ndani, ukunje kola ili ujue kama imekatika kwenye mkunjo, na kila kifungo ukifunge na kukifungua. Mikono ikiwa mirefu, mpelekee fundi na umwombe atumie sindano nambari 16 au 18, kwa sababu ile nyembamba ya kushonea madera itavunjika pale tabaka za kitambaa zinapokutana kwenye mshono; na umsisitizie aukate mkono juu ya pindo la zamani, kisha alirudishe pindo hilo hilo mahali pake, ili mpauko wake usipotee.